Kupiga Dawa

Kwetu Jomvu, sumu twaiita dawa.
Ndilo neno lile lile
la chupa ya kikohozi ya mwanangu Nyevu,
la meno, la macho, la kumrudisha mume.

Mimi hupiga dawa.
Mia mbili kwa bomba moja la mgongoni:
vifuniko vitatu, maji hadi shingoni,
na puani leso ya mke wangu,
ile iliyoandikwa *Nimeona, sisemi*.

Mchicha ni wa watu, kando ya kijito
kinachoanzia mashambani, juu kule njia ya Rabai,
kikapita nyuma ya gereji, chini ya lami,
kikaokota grisi, kikaokota mapovu ya sabuni,
kikatufikia kimechoka,
nami nikakiongezea langu.
Humo huosha bomba. Humo husuuza mikono.
Chupa ikishaisha, harufu ikishapungua,
Bi Mejumaa huitilia mafuta ya taa.

Jumatatu alikuja msichana wa chuo, Dzame,
viatu vya mpira, kikapu cha vichupa.
Alichota maji taratibu,
kama amnyweshaye mgonjwa uji,
akaandika tarehe, akaandika saa.
Nikangoja aniulize jina la dawa;
uongo nilikuwa nao tayari, chini ya ulimi.
Akauliza:
"Vyura, mara ya mwisho uliwasikia lini?"

Vyura.
Wale niliowatukana mwaka aliozaliwa Nyevu,
usiku kucha wakikoroma kama jenereta mbovu,
hata nikatoka gizani na kandambili mkononi.
Masika haya, la.
Vuli ile, la.
Nikarudi nyuma, mvua kwa mvua,
vidole vikanitoka hesabuni.
Sikumjibu. Leso ilikuwa ingali usoni.

Ijumaa mke wangu karudi kutoka Kongowea
na mafungu mawili ya mchicha, bei ya kutupa,
majani mapana, yang'aa,
hata tundu moja la mdudu hamna.
"Tazama," asema, "mboga safi hii."
Yamefungwa kwa ukindu,
fundo limepinda upande usio wake,
na kule shambani mashoto ni mmoja.

Nazi imekunwa. Tui la kwanza li bakulini.
Nyevu keshanawa, kakaa, angoja.
Nalifungua fundo langu, polepole,
kama lafunguka, kama halifunguki,
na mke wangu auliza, kwani mchicha una nini?

Nje kijito chapita.
Mvua imenyesha tangu alasiri,
na hakuna anayekoroma.