Kiatu cha Kushoto

Duka la Mpemba pale Mingoyo lina viatu vya kila namba,
vimefungwa kamba viwili viwili kama kuku wa mnadani.
Mguu wa shangazi Somoe hauna namba.
Wa kulia, ndiyo: thelathini na nane,
mwembamba, una pete ya fedha kidoleni.
Wa kushoto matende yaliuchukua mwaka wa mafuriko
na hayajaurudisha.

Ngozi ni ya beberu wa Idi ya Kuchinja.
Wenzangu waligawana paja, maini, utumbo;
mimi nikaomba kile wanachowatupia mbwa.
Siku nne ndani ya pipa, maji ya chokaa na majivu,
mpaka manyoya yakaachia yenyewe
kama mtu aliyechoka kubishana.
Nikaitandika juu ya gogo la mnazi,
nikaiparuza kwa panga butu,
paru, paru, paru,
na Mama Nangumbi akapaza sauti nyuma ya ua:
"Mchopa, unapika nini wewe, maiti?"

Gome la mkandaa sikulikata, bwana misitu ana macho.
Nililibandua kwenye mti ulioangushwa na maji,
nikalitwanga katika kinu kisichorudi tena jikoni.
Maji yakawa mekundu, kisha hudhurungi,
kisha rangi ya chai iliyosahauliwa msibani.
Wiki tatu. Kila alfajiri naigeuza ngozi,
naonja maji kwa ncha ya ulimi:
yakiukaba kama bibo bichi, bado yana nguvu;
yakilegea, natwanga tena.

Halafu mafuta ya nyonyo, na kusugua:
kwenye kamba, kwenye kigingi, kwenye goti langu mwenyewe.
Ngozi ikikauka bila kusuguliwa huwa bati,
na mguu unaotoa maji hauvai bati.

Siku ya kipimo nilikwenda na mfuko wa saruji na kipande cha mkaa.
Akafunga mlango.
Akaufungua tena, akasema joto.
Akaketi, kanga palepale,
kama kawa juu ya sinia.
Miaka kumi na tisa naingia nyumba hii;
harusini hukaa karibu na mlango, msibani nyuma ya nguzo,
sijawahi kuuona.
"Usicheke," akasema.
"Shangazi, mimi fundi viatu.
Nimeshika miguu ya waheshimiwa isiyojua sabuni."
Akacheka yeye.
Akavuta kanga.

Ulikuwa safi. Hilo sikulitegemea.
Safi kuliko wangu: umeoshwa,
umekaushwa kila kunjo kwa kitambaa laini,
alivyoelekezwa na muuguzi aliyekuja na vidonge.
Nikauzungusha mkaa polepole.
Ulipofika kisigino, akashusha pumzi
kama aliyetua ndoo.

Kipande kimoja tu, hakuna kiraka:
kinapanda pande zote, kinakutana juu kama mdomo wa mfuko,
mikunjo kumi na moja kuzunguka vidole.
Msharasi, shazia, uzi wa nyavu chakavu uliopakwa nta.
Mafundo yote nimeyatoa nje,
ndani pasiwe na cha kumuuma.
Chini, tairi la pikipiki, nimelichonga likawa jembamba.

Akavaa. Akasimama. Akainama, akanusa.
"Kinanuka beberu."
"Kitaacha."
"Na cha kulia?"

Cha kulia sikukishona.
Nilidhani wa kulia una duka.
Akanitazama kama mtu aliyepakuliwa wali bila mchuzi.
"Mchopa, nani kakwambia nataka kwenda Lindi mjini
na viatu visivyojuana?"

Vipimo vyangu vyote viko chini ya godoro.
Vya watu wengine nimeviandika namba.
Kile cha mfuko wa saruji kimeandikwa *Somoe, kushoto*,
kimekunjwa mara mbili, la sivyo hakiingii.

Ngozi iliyobaki haitoshi.
Naulizia mtaani
nani ana akika mwezi huu.