Kile Ambacho Mchwa Hawali

Mchwa walianza na ukurasa wa Machi.
Wakapita kwa Nyanzobe, ndoo mbili na robo,
wakamla Msimba na deni lake lote,
wakaacha jalada na pini mbili zenye kutu.
Ndiyo maana leo niko Tabora mjini,
laki tano kasoro elfu kumi kwenye kitambaa,
kitambaa kwenye sidiria,
na chama kizima cha asali kinanisubiri Sikonge
nirudi na kitu ambacho mchwa hawali.

Hilali ananipangia vishikwambi vitatu juu ya meza ya kioo.
Huyu laki mbili. Huyu laki nne na nusu. Huyu milioni na ushee.
Anasema "huyu",
kama watu waliokuja kuposa.

Anaanza na wa milioni, si mjinga.
Mwembamba, jina limenakshiwa mgongoni,
nikimshika naogopa kupumua.
"Kalamu yake, mama, inachora hadi ndevu za mbuzi."
Sina mbuzi wa kuchora.
Nina wafuga nyuki arobaini na mmoja
wasioaminiana.

Wa laki mbili nikambonyeza. Akafikiri.
Nikambonyeza tena. Bado anafikiri,
kama karani wa mahakama ya mwanzo
aliyetoka kunywa chai.
"Anachangamka akizoea," anasema Hilali.
Hivyo hivyo waliniambia kuhusu baba Kabula.

Akabaki wa katikati.
Hana sifa ya kusimulia. Mgongo wa plastiki,
kamera ya kuonea mtu, si ya kumpambia,
tundu la laini, tundu la kadi, giga sitini na nne.
"Betri?"
"Saa kumi."
"Saa kumi za hapa chini ya feni,
au saa kumi za Sikonge, mzani mkononi,
watu wanagombania robo kilo?"
Hilali akatazama feni yake.

Nikaomba kutoka naye nje.
Akakataa. Nikavua viatu, nikaviweka juu ya meza,
na kitambulisho cha kura juu ya viatu.
Nikasimama pekupeku mbele ya duka,
jua la Oktoba likinichoma nyayo na utosi.
Kwanza nikaona uso wangu, umechoka.
Nikapandisha mwanga.
Uso ukaondoka, tarakimu zikaja,
hafifu, lakini nilizisoma zote.

Niliporudi nikatoa kichupa,
nikachovya kidole kwenye asali,
nikamgusa.
Hilali akapiga yowe kama nimemwagia mtoto uji.
"Baba, mkono wangu ndio huu,
toka Mei hadi Julai sina mwingine."
Gusa la kwanza hakusikia. La pili akafungua redio.
Nikampangusa kwa upindo wa khanga,
nikaandika saba, ikatokea saba.

Tukabishana mpaka laki nne na ishirini,
kava juu yake, waranti miezi sita kwa mhuri.
"Kwa hiyo ni kazi tu, mama? Hamna kingine?"
Nikasema kazi tu.
Sikumwambia habari ya Kabula, aliyeko Muskati,
kwamba kwenye simu yangu uso wake ni punje ya ulezi,
na mwezi uliopita alisema amenenepa
nami nikaitikia, "Naona,"
na sikuwa naona.

Basi la Sikonge lilisubiri abiria hadi saa tisa.
Nikamwasha pajani, nikafungua ukurasa mtupu,
nikaandika ninachokumbuka:
Nyanzobe, ndoo mbili na robo, amelipwa.
Msimba
Hapo kidole kikasimama.
Msimba mwenyewe anasema ni elfu thelathini.
Mimi nakumbuka sitini.
Mchwa ndio wanaojua.