Alama ya Kidole

Nabonyeza muundi wa baba kwa dole gumba,
nahesabu hadi kumi, naondoa.
Shimo linabaki,
laini kama udongo wa Kilolo mwezi wa pili,
halina haraka ya kujaa.

Siku tisa zilizopita kisu cha ulanzi
kilimteleza, kikampata kiganjani.
Akafunga kitambaa, akarudi kwenye kichaka:
"Mianzi haina Jumapili."

Sasa amelazwa Ilula, kitanda cha dirishani.
Presha inashuka, miguu inavimba,
na shangazi Tulalumba ananiuliza kwa ukali,
mimi niliyesomeshwa kwa mbeta hizo hizo:
"Mnamtundikia maji chupa kwa chupa. Yanakwenda wapi?"

Yanavuja, shangazi.
Mshipa si bomba la dukani.
Ni ukuta wa seli zilizoshikana mikono,
na wadudu wakiingia kidondani
mwili hutuma matarishi, chembe zisizoonekana,
wabishe hodi seli kwa seli:
legezeni mikono kidogo, askari wapite.
Zikalegeza. Askari wakapita.
Hapo ndipo neno lilipaswa kukoma.

Tarishi akazaa tarishi.
Hodi ya kiganjani ikawa hodi mapafuni,
hodi kwenye figo, hodi hadi nyayoni,
na kila ukuta, kwa utii tu, ukaachia;
maji yakahamia nyamani,
damu ikabaki nzito, chache, njiani.

Shangazi anakunja kanga. Hajaniamini.

Ni baba aliyemjibu, macho kayafumba,
kwa sauti ile anayoongea na mianzi:
"Unaukata asubuhi, unaukata jioni,
kipande chembamba kama ukucha.
Ukiacha kuukata, unajifunga.
Mwanzi hauvuji wenyewe, dada. Ni mkono."

Miaka mitano ya chuo
sikuwahi kuisikia hivyo.

Usiku kucha dawa inautafuta mkono.
Nje ukungu umekalia mashamba ya nyanya,
lori la Makambako linaunguruma, linabadili gia,
linapotea. Shangazi amesinzia kwenye benchi,
kiatu kimoja kimemvuka.
Saa kumi alfajiri nabonyeza tena.
Moja. Mbili. Naondoa dole, natazama.
Nafika thelathini, na shimo
(au ni taa hii inayopepesa)
limeanza kupanda.