Mlima Haununui Uniti

Kitandani Nguba, simu yangu hulala ng'ambo.
Usiku wa manane inaniambia: karibu Rwanda,
nami sijavuka Ruzizi, sijavaa hata viatu.
Asubuhi uniti zimeliwa, kama na mgeni asiyeaga.

Zihindula, fundi wa minara, anacheka.
Kadutu, asema, tumesimika minne:
watu wamesongamana kama sambaza kwenye beseni,
chini ya kila bati masikio kumi.
Lakini kwa mama yako, nyuma ya mlima,
tulihesabu nyumba,
tukahesabu mazuti ya jenereta,
tukafunga daftari.

"Na mlima wenyewe?"
"Mlima haununui uniti."

Mama ana jiwe lake.
Alhamisi, akishauza mihogo, hulipanda,
kisigino kwenye ufa, uso kwa ziwa,
hapo rezo humfikia, nusu yake upepo.
Akisogea hatua moja kumkemea mbuzi
anakatika katikati ya jina langu.

Juzi alipiga kelele toka juu ya jiwe:
Kwa Cirhuza wamezaliwa mapacha!
Waambie hao watu wako
waje wahesabu te—