Nyuki wa Gorostipe

Basi linaishia bondeni, penye kinu kilichosahau maji.
Zilizobaki, kilomita nne za kona na ukungu,
nilizipanda ndani ya gari la jibini la Harkaitz,
magoti yangu kati ya ndoo mbili za maziwa ya kondoo.

Hakuniuliza jina. Aliuliza, "Wa nyumba gani?"
Huku Iratzarte ukoo hubadilika
kwa ndoa, kwa deni, kwa vita;
nyumba husimama palepale
na kumwita kila aingiaye kwa jina lake yenyewe.
"Gorostipe," nikasema. Jina nililolisoma
mgongoni mwa picha moja, kule Tandil, Argentina.
Harkaitz akapunguza mwendo.
Mvua ikaongeza.

Paa lilikwisha kuanguka. Kangaga zimeota jikoni.
Lakini jiwe la juu ya mlango halina habari za paa:
*Petri na Graxi walinijenga, 1764.*
Walinijenga! Nyumba ndiyo inayosema.
Jina la mke lina herufi nene sawa na la mume,
ila mchongaji aliishiwa na nafasi,
herufi ya mwisho akaipandisha juu ya mwenzake
kama mtoto anayebebwa mabegani sokoni.
Nilicheka peke yangu, mvuani,
mbele ya watu waliokufa zamani.

Ndipo mlango wa pili ukafunguka.
Kontxesi, jirani wa kwanza.
Hapa hicho si kipimo cha hatua, ni cheo:
ni nyumba inayotangulia na msalaba
siku nyumba yako inapotoa jeneza.
Alifuta mikono kwenye aproni, akanitazama masikio.
"Ya Eusebio," akasema.
Sikujua kama ni sifa.

Kanisani akanionyesha mbao mbili zilizochongwa,
fupi kama mkono wa mtoto, zina miguu na shingo,
na mshumaa mwembamba umezungushwa kiunoni kama kamba.
"Huu wetu. Huu wenu."
Ncha ya wetu ilikuwa nyeusi, mbichi kwa moshi.
Mama yake, kisha yeye,
miaka thelathini na mmoja tangu mlango ufungwe,
wakiwawashia taa wafu wa nyumba isiyo na mtu.
Nikatoa pochi.
Aliitazama kama mtu aliyeona panya madhabahuni.

"Deni lako si hilo," akasema.
"Nyuki hawajaambiwa."

Babu alikufa Januari, jua la Tandil likichoma mabati.
Tulivaa nyeusi, tukafunga duka la vyuma,
tukapiga simu tisa.
Hakuna aliyekumbuka mizinga.

Imo mitatu, nyuma ya ukuta wa kuchezea mpira,
ilikohamishiwa paa lilipoanza kuvuja.
Nilitaka kumwambia kwamba nyuki haishi hata mwaka,
kwamba waliomjua Eusebio
walikwisha kabla mama yangu hajazaliwa.
Nilitazama uso wake, nikanyamaza.
Nikagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole
na kusema, kwa Kihispania changu cha nyanda:
bwana wa nyumba amekufa.

Mvumo ulibaki vilevile, wa watu walio na kazi zao.

"Hawaelewi," akasema Kontxesi.
"Hao hawakwenda Amerika."

Akanipa maneno matatu, moja moja,
kama anavyowatupia kuku punje.
Yalikuwa na kona nyingi kuliko barabara ya kupandia.
Nikayasema. Akasahihisha.
Nikayasema tena, mate yamenikauka,
paji la uso limegusa ubao wenye unyevu,
na mle ndani kitu kikashuka,
mvumo, au labda pumzi yangu tu.

Mpira uligonga ukuta upande wa pili.
Mtoto mmoja alihesabu kwa sauti: saba, nane.

"Sasa waombe nta," akasema.
"Mtu wako amekaa gizani tangu Januari."
"Kwa neno gani?"
Alikuwa ameshageuka, anashika njia ya nyumbani,
viatu vyake vya mpira vikilia matopeni.
"Hilo ni refu," akasema. "Njoo kwanza ule."