Mkalitusi wa Mangusho

Miaka minne neno letu lilipanda mbinguni
ndipo lishuke Mbale,
Mbale ile ile ambayo taa zake twaziona usiku
kutoka dirisha la ghala la kahawa, Sipi.
Mvua ikianza, kimya.
Ankara haikuogopa mvua.

Chekwech akakwea paa na darubini ya kuazima:
"Mnara ule pale! Redio kwa redio, zitazamane tu.
Ila mkalitusi wa Mangusho umekaa katikati."

Mangusho akataka mbuzi wawili, na kuni zibaki zake.
Tukalipa.

Sasa bei ya kahawa yafika chai haijapoa;
kwenye dishi la zamani wananywea kuku.

Nacho kisiki kimechipua.
Kila Jumapili Mangusho hupita kukipima kwa fimbo,
anatusalimia vizuri mno.