Kijiko Kimoja Tu

Mimi ni mpimaji wa ghala la mbegu, Kapchorwa.
Wanaume nawajua kwa vumbi la mikononi.

Unga huu ni mweupe, weupe uliochoka.
Maji haukubali: ukoroge asubuhi,
jioni umetuama chini, umenuna.
Ndani yake mna salfa
lakini hauwaki kama kiberiti. Unachoma kimyakimya,
jicho kwanza, kisha koo, kisha ngozi ya kwapa.
Mbegu iliyopakwa, kuvu wa udongoni huipita
kama mdai apitavyo nyumba yenye mbwa.
Tunautia rangi ya waridi
mtu asije akasaga ugali.

Soyekwo alichanganya magunia sita Jumatatu ile.
Nikamsomea mfuko: glavu, kitambaa puani, nawa kwa sabuni.
Mstari wa mwisho ulikuwa mdogo kama mayai ya chawa.
Nikauruka. Wingu lilikuwa limeshuka mlimani
na nguo zangu zilikuwa kambani.

Jioni akaketi kwenye chungu cha busaa, mrija mdomoni.
Mikupuo mitatu.
Uso ukaiva kama nyanya, moyo ukamwenda mbio,
akatapika akiwa ameshika ukuta wa jirani.
“Ni yule ng'ombe wa mahari,” wakasema,
“mama mkwe kachoka kungoja.”
Nesi alimuuliza jambo moja:
unafanya kazi gani?

Nilirudi ghalani na tochi, nikausoma ule mstari.
Usinywe pombe. Leo, wala siku zifuatazo.

Sasa wanawake wananijia kwa mlango wa nyuma.
Cheptoris alitangulia, hela fundoni mwa leso:
“Kijiko kimoja tu, dada. Nitamtilia kwenye mchuzi.
Nataka arudi nyumbani na akili zake.”

Nikamwonyesha kuku wangu.
Wiki mbili walidonoa punje zilizomwagika mlangoni;
mayai yakatoka bila ganda,
laini kama sikio la mtoto mchanga,
na jogoo sasa anatambaa kwa magoti kwenda kuwika.
“Huyu hajaonja pombe hata siku moja,” nikamwambia.

Hakucheka. Alifungua fundo, akalifunga tena.

Ule mstari nimeuandika ukutani kwa makaa,
herufi kubwa kama majembe.
Mlangoni nimeongeza kufuli la pili.
Ufunguo unalala kifuani mwangu,
na usiku naushika, naupima uzito wake.
Mume wangu naye hunywa.